Namna ya kuzuia tovuti zinazowavuruga watoto kupitia ruta ya nyumbani

Nyumba nyingi za mijini, kuanzia Dar es Salaam na Dodoma hadi Mombasa na Nairobi, sasa zina intaneti ya kulipia kwa mwezi: faiba iliyovutwa hadi sebuleni, au ruta ya laini ya simu iliyowekwa karibu na dirisha ili ishike vizuri mawimbi ya 4G au 5G. Mtoto aliyekuwa akisubiri kuazimwa simu ya mama yenye MB chache sasa ana mtandao wakati wote, na kazi ya shule aliyopewa mchana hubaki bila kuguswa hadi usiku kwa sababu video moja imeita nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi mzazi asiye fundi anavyoweza kuitumia ruta yenyewe kupunguza tatizo hilo, kifaa kimoja kikilinda simu, tableti, kompyuta na televisheni zote za nyumba.

Ruta inaona nini

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni vyema kufahamu ruta inaona nini na haioni nini, kwa sababu wazazi wengi huvunjika moyo baada ya kuitaka ifanye jambo isiloliweza. Karibu tovuti zote siku hizi hutumia HTTPS, yaani mawasiliano kati ya kifaa cha mtoto na tovuti husafiri yakiwa yamefichwa. Ruta ni kama tarishi anayebeba bahasha iliyofungwa kwa gundi: anasoma inakokwenda, lakini hajui kilichoandikwa ndani. Kwa hiyo inaweza kuifunga YouTube nzima, lakini haiwezi kufunga video moja na kuiacha nyingine. Ile sehemu ya kuzuia kwa maneno, ambayo bado ipo katika ruta nyingi za zamani na ambayo humwahidi mzazi kwamba kila ukurasa wenye neno fulani utafungwa, haina tena msaada wa maana. Ruta ina nguvu juu ya mambo mawili, majina ya tovuti na saa za matumizi, na mengine yote unayoweza kufanya hapa yanatokana na hayo mawili.

Kuingia kwenye ruta na kufunga mlango wake

Chukua simu au kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari, kisha andika anwani ya ruta pale juu panapoandikwa jina la tovuti. Anwani hiyo hupatikana kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya kuingilia. Ruta nyingi za TP-Link hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1 na hukubali pia jina tplinkwifi.net, ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, na zile za faiba za kampuni hiyohiyo mara nyingi hutumia 192.168.100.1. Kama maandishi ya kibandiko yamefutika, fungua maelezo ya Wi-Fi kwenye simu yako, na namba iliyoandikwa mbele ya neno "Gateway" au "Router" ndiyo unayoitafuta. Zima data ya simu kwanza, maana simu nyingine hupitia huko na ukurasa wa ruta ukakataa kufunguka.

Ukishaingia, badilisha kwanza nywila ya msimamizi. Hii si ile ya Wi-Fi ambayo wageni huiomba; ni ile inayofungua mipangilio, na kama imebaki "admin" au ile iliyochapwa kwenye kibandiko, mtoto wa darasa la sita anaweza kuondoa kila kizuizi ulichoweka akiwa amekaa kwenye kochi. Zima pia WPS, kwa sababu kitufe chake humruhusu yeyote aliye karibu na ruta kujiunga bila kujua nywila. Kisha angalia ruta imewekwa wapi. Kila ruta ina kitundu au kitufe kidogo ambacho kikibonyezwa kwa sekunde kadhaa huirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na kwa kuwa hakuna nywila inayoweza kuzuia hilo, ipandishe juu ya kabati au ukutani. Siku ukikuta jina la Wi-Fi limerudi kuwa lile la kwenye kibandiko, ujue kitufe hicho kimeguswa. Ukimaliza kupanga kila kitu, tafuta sehemu iliyoandikwa "Backup" na uhifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta yako, ili siku hiyo usianze upya.

Kichujio cha DNS kwa yaliyo machafu

Kila kifaa kinachotaka kufungua tovuti huanza kwa kuuliza namba inayolingana na jina la tovuti hiyo, na mtambo unaojibu swali hilo huitwa seva ya DNS. Kwa kawaida ruta hutumia seva ya kampuni inayokuuzia intaneti. Ukiiambia itumie seva ya familia badala yake, maelfu ya tovuti za ngono na zile zinazosambaza virusi hukosa jibu na hazifunguki, bila wewe kuandika hata jina moja. Huduma hizi ni za bure na hazihitaji kujisajili. Cloudflare walianzisha ya kwao Aprili 2020, na namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS, ambayo tangu 2015 ni mali ya Cisco, ina huduma ya FamilyShield kwa namba 208.67.222.123 na 208.67.220.123. CleanBrowsing hutoa kichujio cha familia kwa 185.228.168.168 na 185.228.169.168.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo ningechagua CleanBrowsing, kwa kuwa zaidi ya kufunga tovuti za watu wazima, hulazimisha utafutaji salama kwenye Google na Bing, huitia YouTube katika hali yake ya vizuizi, na hufunga tovuti nyingi za VPN, yaani huduma zinazoficha mawasiliano ya kifaa na kukwepa vizuizi. Ukali huo una gharama yake, kwani tovuti zilizochanganya mazuri na mabaya kama Reddit nazo hufungwa, na watu wazima wa nyumba watalalamika. Panapokuwa na wakubwa wengi wanaotumia mtandao huohuo, Cloudflare inatosha.

Namba hizi huingizwa kwenye sehemu ya DHCP, ile inayogawia vifaa vya nyumbani anwani zao, ambako utaona nafasi mbili zilizoandikwa "Primary DNS" na "Secondary DNS". Jaza zote mbili kwa namba za huduma moja. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuweka 1.1.1.3 juu na 8.8.8.8 ya Google chini, kwa dhana kwamba ya pili ni ya akiba tu. Vifaa huweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na 8.8.8.8 haichuji chochote, hivyo tovuti iliyokataa sasa hivi itafunguka baada ya dakika tano na mzazi ataamini kwamba mfumo mzima ni bure. Kama mtandao wako una IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti, huko nako pana nafasi zake za DNS. Kwa Cloudflare jaza 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003, au izime IPv6 upande wa ndani ikiwa ruta inaruhusu.

Baada ya kuhifadhi, vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa vitaendelea kutumia seva ya zamani kwa muda, kwa hiyo zima na kuwasha Wi-Fi ya kila kimoja. Kujaribu hakuhitaji kufungua tovuti chafu: Cloudflare wameweka ukurasa wa majaribio, nudity.testcategory.com, ambao ukikataa kufunguka unaonyesha kwamba kichujio chao kinafanya kazi.

Majina ya tovuti zinazokula muda

Kichujio cha DNS hakitamzuia mtoto kutazama TikTok wala kucheza Roblox, kwa sababu hizo si tovuti chafu; ni tovuti zinazokula muda, na uamuzi wa kuzifunga ni wako. Sehemu ya kufanyia hivyo huitwa "Parental Control", "Access Control" au "URL Filter" kutegemea ruta. Tatizo ni kwamba programu iliyo kwenye simu haitumii jina moja. Ukiandika tiktok.com peke yake, utaifunga tovuti inayofunguliwa kwenye kivinjari huku programu ikiendelea kama kawaida, kwa hiyo ongeza tiktokv.com, tiktokcdn.com na byteoversea.com. Kwa Roblox weka roblox.com na rbxcdn.com. Kwa YouTube weka youtube.com, youtu.be, ytimg.com, youtubei.googleapis.com, na hasa googlevideo.com, ambako video zenyewe hutoka. Usiifunge googleapis.com yote wala gstatic.com, maana huduma nyingi zisizohusiana na YouTube, zikiwemo za masomo, hutegemea majina hayo na zitaharibika bila wewe kujua sababu.

Kuhusu YouTube nina msimamo: kuifunga moja kwa moja ni hasara kwa mtoto wa Kiswahili. Katuni za elimu za Ubongo Kids na Akili and Me zipo huko, na walimu wengi wa sekondari wameweka huko vipindi vya hesabu na fizikia ambavyo mtoto asiye na mwalimu wa ziada hawezi kuvipata kwingine. Ni afadhali kuiacha katika hali yake ya vizuizi na kuiwekea saa. TikTok na michezo, kwa watoto wa shule ya msingi, naona hakuna wanachopoteza zikifungwa siku zote za masomo.

Ruta nyingine hutoa pia njia iliyo kinyume, yaani kufunga kila kitu na kuruhusu tovuti chache tu. Kwa kompyuta ya mtahiniwa wa darasa la saba au kidato cha nne njia hii ina faida kubwa katika wiki za mwisho: ruhusu maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tovuti ya NECTA na Shule Direct, au kwa Kenya, Kenya Education Cloud ya KICD. Tarajia kurasa nyingine kufunguka nusunusu, kwa kuwa tovuti moja huazima picha na vipande vingine kutoka majina tofauti ambayo hukuyaruhusu, na itabidi uyaongeze moja baada ya jingine. Kwenye simu njia hii huleta usumbufu mwingi mno, na sishauri itumike huko.

Saa, ambazo hufanya kazi zaidi ya majina

Orodha ya majina haina mwisho. Leo ni TikTok, kesho ni mchezo mpya ambao mzazi hajausikia. Saa hazina udhaifu huo, kwani intaneti ikifungwa kwa vifaa vya watoto kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, haijalishi tovuti inaitwaje. Kwa uzoefu wangu huu ndio mpangilio unaobadilisha hali ya nyumba kuliko mwingine wowote, na ndio unaokosewa zaidi katika kuupanga.

Kosa la kwanza linatokana na namna tunavyohesabu saa. Ruta inahesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23:59, wakati sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Saa 3 usiku kwenye ruta ni 21:00, saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 10 alasiri ni 16:00, na saa 1 usiku ni 19:00. Mzazi aliyeandika 03:00 akimaanisha saa 3 usiku amewafungia watoto intaneti saa 9 alfajiri, wakati wamelala, na ataona kizuizi hakifanyi kazi ingawa kinafanya kazi sawasawa na alivyokiandika.

Kosa la pili ni ukanda wa saa. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa ya nchi nyingine, kwa hiyo ingia kwenye "System Time" au "Time Settings" na uchague GMT+3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda, au GMT+2 kwa Rwanda na Burundi. Kama kuna sehemu ya "Daylight Saving", izime, kwa sababu huku kwetu saa hazisogezwi. Washa pia kuchukua saa kutoka mtandaoni, yaani NTP. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa, na umeme ukikatika husahau tarehe kabisa. Bila NTP itaamka ikiamini ni mwaka mwingine, na ratiba yako yote itakwenda mrama hadi uigundue.

La tatu ni kuvuka usiku wa manane. Ruta nyingi hazikubali kanuni moja inayoanza 21:00 na kuishia 06:00 ya kesho yake. Igawe katika kanuni mbili, moja ya 21:00 hadi 23:59 na nyingine ya 00:00 hadi 06:00.

Ratiba inayofaa siku za shule huwa na vipindi viwili: mtandao uliofungwa wakati wa kazi ya shule, mathalani 17:00 hadi 19:00, na ule wa usiku. Ikiwa kazi yenyewe inahitaji mtandao, acha kompyuta ya sebuleni nje ya kanuni hiyo na ufunge simu na tableti tu. Ijumaa na Jumamosi legeza kidogo, na wakati wa likizo za Juni na Desemba tengeneza ratiba nyingine badala ya kuizima ile ya shule, maana iliyozimwa husahaulika hata baada ya shule kufunguliwa.

Wapewe Wi-Fi yao

Ruta hutambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, na kanuni nyingi za wazazi hufungwa kwenye anwani hiyo. Tangu Android 10 na iOS 14, simu huificha anwani yake halisi na kutumia ya kubuni kwa kila mtandao, na mtoto akiubadilisha mpangilio huo kwenye simu yake, ruta huiona kama simu ngeni isiyo na kanuni yoyote. Unaweza kukaa naye na kuzima anwani ya kubuni kwa Wi-Fi ya nyumbani, lakini dawa iliyo imara zaidi ni kutumia "Guest Network" au jina la pili la Wi-Fi, ukalifanya la watoto na kuliwekea ratiba lenyewe. Hapo anwani ya kifaa haina umuhimu: anayeingia kwa jina hilo anafuata saa za jina hilo. Wi-Fi ya wazazi ibadilishiwe nywila siku hiyohiyo, na televisheni ya sebuleni iunganishwe kwenye ile ya watoto, kwa sababu YouTube ya kwenye televisheni ndiyo inayotazamwa kwa saa nyingi bila mtu kuihesabu.

Usisahau kwamba simu ya Android inaweza kuonyesha nywila ya Wi-Fi kwa msimbo wa QR. Mtoto anayejua namba ya kufungulia simu yako anao uwezo wa kujiunga na Wi-Fi yako.

Mianya

Mwanya wa kwanza ni "Private DNS", uliopo kwenye Android tangu toleo la 9. Mtoto akiandika humo jina kama dns.google, simu huacha kuuliza seva uliyoiweka wewe. Hata hivyo, ili kuifikia dns.google simu hulazimika kwanza kuuliza namba ya jina hilo kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo liongeze kwenye orodha ya majina yaliyofungwa, pamoja na cloudflare-dns.com, na kama ruta yako inaruhusu kufunga milango ("ports"), funga TCP 853, ambao Private DNS huupitia. Simu iliyowekewa mpangilio huo itakosa intaneti kabisa na kuonyesha ujumbe kwamba seva ya Private DNS haifikiki, na mtoto mwenyewe atakuja kuuliza kulikoni. Kwenye iPhone na iPad zenye huduma ya kulipia ya iCloud, ambayo huweza kuficha tovuti zinazofunguliwa na kivinjari cha Safari, funga mask.icloud.com na mask-h2.icloud.com ili Safari isipite pembeni.

VPN ni ngumu zaidi, kwa kuwa hufunika kila kitu kinachotoka kwenye simu, na ruta haiwezi kuzifunga zote. Hapo ulinzi uhamie kwenye simu yenyewe: kwenye Android tumia Google Family Link ili kila programu mpya iombe ruhusa yako kabla ya kuwekwa, na kwenye iPhone tumia "Screen Time". Hivi viwili ndivyo pia vinavyomfuata mtoto anapotumia bando la laini yake au anapojiunga na Wi-Fi ya jirani, mahali ambapo ruta yako haina mamlaka yoyote.

Ruta ya kampuni isipokubali

Baadhi ya kampuni za intaneti hufunga mipangilio ya ruta zao, kiasi kwamba DNS haibadiliki au sehemu ya wazazi haionekani kabisa. Usipoteze jioni nzima ukipambana nayo. Nunua ruta ya pili ya kawaida yenye sehemu ya "Parental Control", chomeka waya kutoka kwenye tundu la LAN la ruta ya kampuni hadi tundu la WAN la ruta mpya, fanya mipangilio yote hii kwenye ile mpya, kisha zima Wi-Fi ya ile ya kampuni au ibadilishie nywila isiyojulikana na mtoto yeyote. Hakikisha tu kwamba ruta hizo mbili hazitumii anwani za kundi moja. Ikiwa ya kampuni ni 192.168.1.1, ifanye mpya kuwa 192.168.50.1.

Waeleze watoto ulichokifanya kabla ya kuwasha kanuni: kipi kimefungwa, saa ngapi, na kwa nini. Wape pia njia ya kuomba. Mwalimu akitoa kazi inayohitaji tovuti iliyofungwa, itazameni pamoja na uifungue jioni ileile, halafu uandike jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati lenye ruta, ili mzazi mwenzako naye ajue kilichobadilika na sababu yake.